Nyama Niliyoiita Ndama

Neema mwanangu,

Nakuandikia nikiwa nimeketi juu ya kigoda nyuma ya nyumba, daftari juu ya goti, mbabula mbili za makaa zinawaka mbele yangu, na vidole vinanata asali. Ukikuta karatasi hizi zimeshikana hapa na pale, usidhani ni machozi. Ni asali ya Masisi. Machozi yakija nitakuambia.

Ni saa kumi za jioni. Wewe na mama yako mmeenda sokoni kutafuta mkoba wa safari, wadogo zako wamewafuata, na mimi mmeniacha na nyama. Kesho asubuhi unapanda gari la Bunagana, unavuka mpaka, unaenda Kampala kwenye kazi yako ya maabara, na leo sijapata hata nusu saa ya kukaa nawe. Nimekasirika, nakuambia wazi. Nimekasirikia makala haya ya kupikia, yaliyonyeshewa mvua njiani juu ya mbao za chukudu lililoyabeba, yanayotoa moshi kuliko moto. Nimemkasirikia mama wa Lac Vert anayefuga nguruwe, ambaye asubuhi nilimwomba kipande cha mgongo, akanipa paja, tukabishana mpaka akakitoa kile alichokuwa amemfichia mtu mwingine. Nimezikasirikia sahani nane. Zaidi ya yote nimejikasirikia mwenyewe, na hilo ndilo refu kulieleza. Kwa hiyo nimechukua daftari.

Sitakuandikia habari za kuvaa sweta, wala za kushika simu vizuri ukifika stendi, wala za kuchemsha maji. Hayo mama yako amekuambia tangu Jumatatu, mengine mara mbili. Mimi nataka kuandika juu ya kile chakula cha jioni. Ni miezi mitano sasa. Tunasalimiana, tunaulizana kama maji yamekuja, kama umeme umerudi, lakini chakula kile hatujakitaja hata siku moja, wewe wala mimi.

Na leo asubuhi, nikiwa nanyoa ndevu zangu kwa amani, ukaja ukasimama mlangoni.

"Papa, leo mangaribi upike ile nyama."

"Nyama gani?"

"Ile ya asali."

Nilikuuliza kama si afadhali kuku. Ukatikisa kichwa. "Ile nyama, papa. Na uweke sahani munane."

"Tuko batano humu ndani. Bale batatu ni banani?"

"Ni bageni."

"Bageni gani?"

Hapo ukatabasamu, na tabasamu lenyewe sikulipenda. "Papa, weye ulilishaka bageni bangu bila kubaambia banakula nini. Leo miye nakuletea bageni bila kukuambia ni banani."

Mama yako alikuwa anaosha vikombe. Nilimsikia anacheka ndani ya maji. Nilipomwuliza, akasema hajui kitu, na mama yako akisema hajui kitu ujue anajua mpaka rangi ya viatu watakavyovaa.

Ngoja. Nyama inataka kugeuzwa.

Nimerudi. Upande mmoja umekuwa mweusi, na nitakueleza sababu, maana ni ya kuchekesha kwa mtu mwingine yeyote isipokuwa mimi. Mbabula ya kushoto ina nyama ya nguruwe. Mbabula ya kulia ina kuku, ndani ya sufuria mpya. Nilikwenda kuinunua mwenyewe mara tu mlipotoka, pamoja na kisu kipya na kijiko kipya, bila kumwambia mtu. Kila nikitoka kwa nguruwe kwenda kwa kuku nanawa mikono kwa sabuni na ndimu hadi kwenye viwiko. Sasa jana ulinikuta nasema kwamba mimi si mtu wa kufanya mambo mawili kwa pamoja, ukacheka. Basi nilikuwa nanawa kwenda kwa kuku, na asali ikaungua.

Ukiwa mtoto ulikuwa unanishikia kikombe cha asali nikipika, kwa hiyo kazi yenyewe unaijua. Ila sijawahi kukuambia vizuri niliitoa wapi. Nilifundishwa na Papa Anselme, mjomba wa bibi yako, aliyekuwa mpishi wa mapadri kule Bukavu. Nilikaa kwake nikisoma sekondari. Alikuwa mtu mkali mwenye mikono laini. Alikuwa anavua ule utando mweupe juu ya nyama kwa ncha ya kisu, polepole, kama anamvua mtoto shati. Kisha chumvi, tangawizi, kitunguu saumu. Kisha moto mkali pande zote, nyama ipate rangi. Baada ya hapo anasogeza makala pembeni, anafunika, anasubiri. Asali iliyochanganywa na maji ya tunda la marakuja aliipaka mwisho, nyama ikishakaribia kuiva, mara nne au tano, kwa fungu la majani ya kitunguu.

Mimi nilitaka kuipaka mwanzo. Nilikuwa naona nyama ile imekaa imepauka, haivutii, na nilikuwa na haraka wageni waione inang'aa. Siku ya kwanza niliyoachiwa nyama peke yangu nikaipaka asali yote mara moja. Nje ikawa nyeusi inayong'aa, nzuri kabisa. Padri alipokata, ndani ilikuwa bado na damu. Papa Anselme hakusema kitu mbele ya watu. Jikoni ndipo alinigonga vidole kwa mwiko akasema, "Weye unapika kwa ajili ya macho." Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilidhani ananisemea nyama tu.

Unakumbuka jioni ile kwa upande wako. Ngoja nikupe upande wangu, hata kama hutaupenda.

Jules, kijana wako, alipokuja hapa mara ya kwanza, nilimpenda. Mwalimu, mpole, anasikiliza mtu mpaka anamaliza. Mama yako alikuwa ametenga chakula, na kulikuwa na nguruwe kidogo iliyobaki ya jana yake. Kijana akasema kwa adabu, "Papa, kwetu hatukulake." Ni neno moja tu. Alikula ndizi na mboga ya sombe, akashukuru, akaenda zake. Wewe ulimsindikiza mpaka barabarani ukarudi unaimba. Mimi nilibaki mezani nikiangalia sahani yake, na kitu nilichodhani kimekufa zamani kikaamka.

Kabla hujazaliwa nilianza kazi Bunagana, karani kijana kwenye forodha, douane kama tunavyoiita, na nilipanga chumba kwa mama mmoja mwenye ng'ombe. Mama mwema. Nikiugua ananiletea uji. Lakini alijua kwamba Jumamosi nilikuwa nakula nguruwe na wenzangu, na watu wa ng'ombe pale walikuwa hawataki kusikia habari ya mnyama yule, na kanisa lao lilimkataza pia. Basi sahani yangu ilikuwa na alama ya rangi nyekundu chini yake, isije ikachanganyika na za watoto. Ililala nje, juu ya ukuta wa mawe. Mvua ikinyesha, inanyeshewa. Maziwa yalipita mbele yangu kila asubuhi, miaka minne, na sikuwahi kuonjeshwa. Hakuna aliyenitukana. Siku nyingine nilitamani wanitukane nipate mahali pa kujibu. Siku ninahama, yule mama alinipa sahani ile kwa mikono miwili, akasema niende nayo, ni yangu. Niliiacha palepale ukutani.

Kwa hiyo Jules aliposema "hatukulake", sikumsikia Jules. Niliiona ile sahani. Hiyo si sababu ya kunisamehe, nakuambia tu jambo lilikotoka, kwa sababu wewe ulidhani siku ile nilikuwa namchukia kijana wako. Sikumchukia hata kidogo. Nilikuwa nimemsubiri mtu mwingine kwa miaka mingi, na bahati mbaya baba yake Jules akaja kukaa kwenye kiti cha mtu huyo.

Ulipotuambia kwamba wazazi wa Jules watashuka kutoka Masisi kuja kujulishana nasi, uliniomba kitu kimoja tu. "Papa, upike kuku." Nikasema sawa. Niliahidi, na ulinishukuru kwa kunikumbatia shingoni kama ulivyokuwa unafanya zamani. Asubuhi ya siku ile nilitoka nyumbani kwenda kununua kuku. Nakuapia, nilitoka kununua kuku. Nilipofika sokoni miguu ikanipeleka Lac Vert.

Njiani nilikuwa nimeshajipangia kila kitu. Watakula, watasema ni tamu, watajilamba vidole. Kisha siku moja, baada ya harusi, baada ya wajukuu, nitamwambia muzee Samweli, baba yake Jules, tukicheka: unakumbuka nyama ile? Naye atacheka pia. Ndivyo nilivyoona. Nilitaka aipende kwanza, ajue baadaye. Nikakuambia wewe na mama yako kwamba nimepata ndama mzuri, kuku hawakuwa wazuri. Mama yako aliangalia nyama akaniangalia mimi. Alijua. Alisema, "Mimi simo," akaenda kuchambua mboga za lengalenga. Wewe ulikuwa unachana nywele, hukuiangalia nyama.

Muzee Samweli aliingia na kibuyu cha maziwa, amekibeba mwenyewe, hakutaka mtu amsaidie. Alikiweka juu ya meza yetu. Sikuwahi kukuambia jinsi kitu hicho kilivyonigusa. Miaka minne Bunagana, kisha mtu wa ng'ombe anaingia nyumbani kwangu na maziwa yake. Ningekuwa na akili ningeondoa sinia palepale. Lakini nyama ilikuwa inang'aa katikati ya meza, na mimi napenda kitu kikiwa kinang'aa.

"Papa Neema," akauliza kabla ya kusali, "hii ni nyama gani?"

"Ni ndama."

Kazi yangu mimi, kama unavyojua, ni kuandika kwenye karatasi jina la kitu kilicho ndani ya gari. Kama ni sabuni naandika sabuni. Kama ni chumvi naandika chumvi. Nimefukuza matajiri waliotaka niandike kitu kingine. Na nyumbani kwangu, mbele ya watoto wangu, nikatamka ndama bila hata kukohoa.

Na tena kumwambia nani! Mtu aliyelala zizini akisubiri ng'ombe wazae. Ningemwambia mwalimu, ningemwambia fundi, labda ingepita. Alikula kipande cha kwanza, akatafuna polepole, akasema ni tamu. Akala cha pili. Kisha akaanza kuniuliza habari za yule ndama, kwa upole wote, jinsi mtu wa ng'ombe anavyouliza. Alitoka kwa nani? Nikasema kwa mtu mmoja wa kule Sake. Dume ama jike? Dume. Wa miezi mingapi? Mitatu. Akasikitika, akasema ni mapema mno kumchinja, mama yake atagoma kukamuliwa. Alikuwa na shida gani mpaka wakamchinja? Nikasema alivunjika mguu. Mguu gani? Neema, mpaka mguu nilimtajia! Nilisema wa nyuma wa kushoto. Jules alikuwa ameinamisha kichwa, na mama yake Jules alikuwa ameacha kula.

Muzee akaweka uma wake chini bila kelele.

"Papa Neema, miye nimechunga ngombe tangu niko mutoto mudogo. Hapa hakuna ndama."

Hapo bado ningeweza kuokoa kitu. Ningesema nimekosa, nilipiga uongo, naomba radhi. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na jagi la maji, unaniangalia, na macho yako yalikuwa yananiomba niseme neno hilohilo. Badala yake nikasema, na nililisema kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi, "Ni nguruwe. Na umesema ni tamu."

Miezi mitano nalitafuna neno hilo. Uongo wenyewe ulikuwa ujinga. Hili lilikuwa uchoyo wa roho. Nilimwambia mgeni wangu kwamba nimemshinda.

Unajua yaliyofuata. Hakupaza sauti. Alitoka nje, akasukutua kinywa kwa maji ya bidoni, mara tatu. Akarudi akasimama, hakukaa. Akaomba kibuyu chake. Kilikuwa bado kimejaa, na mama yako alimrudishia kwa mikono miwili huku analia. Akasema, "Tutafikiri." Wakaondoka, na Jules akaondoka nyuma yao, na kwa miezi mitano amekuwa akija anasimama kwenye geti, unatoka kuongea naye pale kwenye mawe, haingii.

Mama yako usiku ule alisema mara moja tu, kisha akafunga mdomo: "Miaka yote unaandikiaka batu ya douane vitu na majina yake. Ku meza yako ukashindwa nyama moja."

Lakini lako ndilo lililonipiga. Ulikuwa unakusanya sahani. Hukuniangalia. Ulisema, "Papa, ni vile vile ulinifanyiaka na masomo."

Nilijifanya sikusikia. Nilisikia vizuri sana.

Ulitaka kusoma sheria. Ulikuwa umeshaniambia, umeshamwambia mama yako, umeshawaambia hata majirani. Nikachukua karatasi zako nikaenda kukuandikisha, na nikakuandikisha maabara, kwa sababu niliona mawakili wa mji huu wanavyozunguka na mifuko mitupu, na niliogopa. Ningekuambia naogopa, tungebishana, labda ungenishinda. Sikukuambia. Ulikwenda kusoma orodha, ukatafuta jina lako kwenye sheria, hukuliona, ukalikuta kwingine. Ulilia siku mbili. Mwaka wa pili ulipoanza kupata alama nzuri nilikuambia mbele ya wageni, nikicheka, "Si unaona sasa umeipenda?" Ukacheka na wewe. Nilichukua kicheko hicho kama risiti.

Sasa kazi hiyohiyo ya maabara ndiyo inakuchukua Kampala. Mimi mwenyewe nilikutengenezea barabara ya kuniacha. Nimekaa hapa nikilifikiria hilo na moshi huu machoni, nikasema afadhali nicheke, na sijaweza.

Nisamehe kwa ajili ya masomo. Sikuwahi kulisema. Nililizunguka miaka saba, nikakununulia viatu, nikakununulia simu, nikakupikia nyama. Nisamehe, Neema. Na nisamehe kwa ajili ya jioni ile.

Sijui kama unamtaka Jules bado. Siku ile ulipopata barua ya kazi, mama yako alikuuliza itakuwaje, ukasema kwa hasira, "Bazee bote babili babakie na nyama zabo." Kwa hiyo sitakuambia umsubiri, wala sitakuambia umsahau. Nimeshakuchagulia vya kutosha.

Ngoja tena.

Nimepaka asali mara ya tatu. Sasa inaanza kushika vizuri. Ule upande mweusi nimeukwangua kwa kisu, una kovu, na nimeamua kutouficha chini kwenye sinia. Kuku ameiva. Ndani ya sufuria mpya kuna nyanya, kitunguu, bizari kidogo, hakuna kitu kingine kilichowahi kuingia humo.

Nataka nikuambie ukweli kuhusu sufuria hii, maana wewe utaiona na utafurahi, na sitaki ufurahi kwa uongo tena. Nilipokuwa nailipia, mkono ulikuwa mzito. Nilisema moyoni: ndiyo ileile sahani ya rangi nyekundu, ila safari hii naipaka rangi mimi mwenyewe. Nilitaka kuirudisha dukani. Nilifika hata mlangoni. Bado sijajua kama ni haki mtu kutengewa vyombo kwa sababu ya anachokula mwenzake. Bado inaniuma, na muzee Samweli akiingia humu leo, kama ni yeye kweli, itaniuma akikaa mbali na sinia langu. Sijapona. Ninachojua ni kwamba yule mama wa Bunagana hakuwahi kuniwekea kitu kwenye sahani na kukiita jina la kitu kingine. Kila nilichokula kwake nilijua ninakula nini. Mimi sikumpa muzee hata hicho.

Na kama si yeye? Kama wageni wako ni wale marafiki zako wa maabara, wanaokula chochote mpaka mifupa? Basi nitakuwa nimenunua sufuria bure, nimenawa mikono mara kumi na moja bure, nimeunguza asali bure, na mama yako atanicheka mpaka Pasaka. Nimekaa hapa mtu mzima, mvi kichwani, naomba Mungu aniletee mgeni anayenidharau. Ulinitega vizuri, mwanangu. Umechukua akili kwa mama yako.

Barua hii nitaisukuma ndani ya mkoba wako mpya, chini ya nguo, uikute ukiwa umeshavuka. Nilitaka kukuambia haya kwa mdomo. Nilijaribu jana, ukiwa unapiga pasi. Nilifika mlangoni nikakuuliza kama pasi ina moto. Ukasema ndiyo. Nikarudi kukaa.

Nikikukosa sana nitapika kitu hiki Jumapili, na nitakosa wa kunishikia kikombe cha asali. Nasema hivyo na sitaki unijibu kwamba wadogo zako wapo. Wao wanailamba.

Nimetoa nyama motoni, imepumzika juu ya ubao, sikati mpaka

Mmerudi. Nasikia geti. Nasikia mama yako anakaribisha watu kwa ile sauti yake ya wageni, anasema karibu mara nyingi kuliko inavyohitajika. Kuna sauti ya mwanamke siijui vizuri. Kuna Jules, huyo namjua, anaondoa viatu mlangoni. Na kuna kikohozi. Neema, kikohozi kile nakifahamu.

"Papa Neema iko wapi?" anauliza.

"Iko nyuma, anapika," umemjibu.

"Anapika nini?"

Nimeshika kalamu, nasubiri nisikie utasema nini. Nimefikiri utasema kuku. Ungesema kuku ungekuwa hukusema uongo, sufuria ipo hapa inachemka, na tungekula kwa amani.

"Mumuulize yeye," umesema.

Anakuja. Amezunguka upande wa tangi, nasikia fimbo yake juu ya mawe. Ameshafika kwenye kona ya nyumba, na mkono wa pili una kibuyu. Ameangalia mbabula ya kushoto, ameangalia ya kulia, sasa ananiangalia mimi na hajaniuliza bado.

Naweka kalamu chini. Safari hii sitamsubiri aulize.

Papa yako